Mtaka cha Mvunguni: Historia ya Springi za Nyuma za Gari

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii ni ya zamani kuliko gari la kwanza lililofika pwani yetu, lakini hapana mtu aijuaye maana yake kama fundi wa magari. Vitu vingi viliwezeshavyo gari kwenda salama vimewekwa chini yake, mahali penye giza, tope na mafuta. Kila vinapotaka kutengenezwa, fundi hana budi kuinama, kulala chali, na kupeleka mkono mahali ambapo jicho halifiki. Katika insha hii, msomaji, tutaangalia kitu kimoja tu miongoni mwa hivyo: springi za magurudumu ya nyuma, pamoja na kifaa kinachozituliza, ambacho mafundi hukiita shokabzoba. Tutaona jinsi vitu hivi vilivyoanza, jinsi vilivyofichika, na jinsi watu walivyojitahidi kwa muda wa miaka mia moja na zaidi kuvileta karibu na mkono wa mwanadamu.

Pengine utauliza kama jambo dogo kama hili lina historia. Historia haikai katika majumba ya wafalme na viwanja vya vita peke yake. Nati ambayo mkono hauifikii huachwa bila kukazwa. Nati iliyoachwa bila kukazwa huweza kulipindua gari. Na gari likipinduka, nyumba nyingi huingia msiba. Kati ya mkono na nati huwa na umbali wa shubiri moja au mbili tu, lakini umbali huo mfupi umewashughulisha wahandisi wenye akili nyingi katika Ulaya na Marekani, na umewasumbua mafundi wetu katika kila mji wa Afrika ya Mashariki.

Tuanze na kazi ya springi. Gurudumu likipita juu ya jiwe, hurushwa juu. Kama gurudumu limefungwa moja kwa moja katika mwili wa gari, mwili nao hurushwa pamoja na watu walio ndani. Ili kuwaokoa wasafiri na adhabu hiyo, watu wa Ulaya walitundika magari ya farasi kwa mikanda ya ngozi, yakaning'inia kama susu. Baadaye walitumia chuma. Mwaka 1804 fundi mmoja wa London, jina lake Obadiah Elliott, alipata hati ya kumlindia uvumbuzi wa gari lililokaa juu ya springi zilizofanywa kwa mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine. Springi za namna hiyo hazijafa mpaka leo. Tazama chini ya lori lo lote la mchanga, nawe utaziona.

Elimu ya springi ilitangulia matumizi hayo. Mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza Robert Hooke alieleza kanuni ambayo wanafunzi huisoma hata sasa: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Kama uzito wa kilo 50 huibonyeza sentimeta 2, kilo 100 zitaibonyeza sentimeta 4, maadamu chuma hakijapita mpaka wa nguvu yake. Ishike kanuni hii, msomaji, kwa kuwa mambo mengi tutakayoyataja mbele yanatoka humo.

Springi ina aibu moja. Hupokea pigo kwa upole, lakini hailisahau. Ikiisha kubonyea hurudi juu, ikapita kiasi, ikarudi chini, na gari likawa linacheza kama mashua katika mawimbi. Wakati magari ya farasi yalipokwenda polepole, mchezo huo ulikuwa kero tu. Gari la mota lilipokuja na mwendo wake mkubwa, ukawa hatari, kwa sababu gurudumu linaloruka haligusi barabara, na gurudumu lisilogusa barabara haliwezi kusimamishwa na breki wala kuongozwa na usukani.

Dawa ya kwanza ilitoka Ufaransa. Fundi aliyeitwa Truffault alibuni mikono miwili iliyounganishwa kama makasi, na katika kiungo chake akaweka visahani vilivyosuguana. Springi ilipotaka kucheza, msuguano uliizuia. Edward Hartford wa Marekani alichukua uvumbuzi huo mwanzoni mwa karne ya 20, akautengeneza kwa wingi, na magari ya mashindano yakautumia. Katikati ya kiungo palikuwa na nati. Ukiikaza, gari huwa gumu. Ukiilegeza, huwa laini. Hapo ndipo mwanadamu alipopata kwa mara ya kwanza uwezo wa kurekebisha tabia ya gari lake kwa spana. Lakini nati zilikuwa nne, moja kwa kila gurudumu, na zile za nyuma zilijificha nyuma ya magurudumu karibu na ekseli. Mtaka cha mvunguni aliinama.

Baada ya msuguano mkavu yalikuja mafuta. Maurice Houdaille, Mfaransa pia, alitengeneza kifaa ambacho mkono wake uliyasukuma mafuta kupita katika tundu jembamba. Mafuta hayapiti upesi katika tundu dogo, na kwa hiyo nguvu ya springi iligeuzwa kuwa joto na kupotea hewani. Gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, halikutoka kiwandani na vifaa vya namna hiyo. Lakini Model A, lililolifuata mwishoni mwa mwaka 1927, lilikuwa navyo vinne, na kila kimoja kilikuwa na vali ndogo ya kurekebishia. Mamilioni ya watu wa kawaida wakawa na kitu cha kurekebisha. Ni wangapi kati yao walioingia chini ya gari kukirekebisha? Kila aliyewahi kuwa na gari anaweza kujibu.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze kwa nini upande wa nyuma ni wa shida kuliko wa mbele. Katika magari mengi mashine iko mbele, na uzito wake haubadiliki. Ni ule ule asubuhi na jioni, gari likiwa tupu au limejaa. Nyuma sivyo. Asubuhi dereva huenda kazini peke yake. Jumamosi huwachukua abiria watatu katika kiti cha nyuma, kila mmoja kilo 70, na ndani ya buti huweka mizigo ya kilo 40. Uzito umezidi kwa kilo 250, na sehemu kubwa yake imeziangukia springi za nyuma. Kwa kanuni ya Hooke ni lazima zibonyee. Mkia wa gari hushuka, taa za mbele huinuka na kuwapofusha wanaokuja, na magurudumu ya mbele, yaliyo na kazi ya kuongoza, hupunguziwa uzito. Kwa hiyo upande unaohitaji marekebisho mara nyingi ndio huo ambao mkono huufikia kwa taabu.

Tena kuna sababu nyingine, iliyochunguzwa vizuri na Maurice Olley, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Rolls-Royce kabla ya kwenda kwa General Motors huko Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitumia gari la majaribio lenye uzani ulioweza kuhamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, akalipanda na wenzake wapate kuhisi kwa miili yao lipi ni baya na lipi ni jema. Waliona kwamba magurudumu ya nyuma hulikuta tuta baada ya yale ya mbele, kwa hiyo nyuma ya gari huchelewa kuanza kucheza. Kama springi za nyuma ni ngumu kiasi kuliko za mbele, nyuma hucheza upesi zaidi, ikaifikia mbele, na gari zima hutulia sawasawa. Kama sivyo, gari huinamisha kichwa na kuinua mkia kama punda anayepiga teke. Tangu wakati huo watengenezaji walijua kwamba springi za nyuma haziwezi kuwekwa kwa kubahatisha.

Basi watu walifanyaje ili kupunguza kule kuinama? Njia ya kwanza ilikuwa kurefusha mkono wa dereva. Katika miaka ya 1930 kampuni ya André ya Uingereza, iliyotengeneza vifaa vya Hartford kwa ruhusa, iliuza mtambo ulioitwa Telecontrol. Mifuko midogo iliyojaa maji maji ya kushindilia iliwekwa katika viungo vya msuguano, na mabomba yalitoka humo mpaka mbele ya dereva. Dereva alizungusha kirungu, maji maji yakaikaza mifuko, na shokabzoba zikawa ngumu naye angali amekaa. Magari ya Rolls-Royce na Bentley yalifuata shauri lile lile kwa njia yao. Bentley Mark VI ya mwaka 1946 ilikuwa na mkono mdogo katikati ya usukani wa kurekebishia shokabzoba za nyuma. Mwaka 1955 Rolls-Royce Silver Cloud ilipotokea, kazi hiyo ilifanywa na umeme kwa swichi iliyokaa kando ya usukani. Angalia, msomaji, kwamba waliochagua kuleta kitu kimoja tu karibu na dereva, walichagua kuleta cha nyuma.

Mwaka huo wa 1955 ulikuwa na baraka nyingi katika jambo hili. Kampuni ya Packard ya Marekani ilitoa gari ambalo mota yake ya umeme ililisawazisha baada ya sekunde chache lilipopakiwa mizigo nyuma. Huko Ufaransa, Citroën walionyesha gari la DS. Mhandisi wao Paul Magès aliacha springi za chuma akatumia gesi iliyobanwa na mafuta yaliyosukumwa kwa pampu. Shauri hilo walikuwa wamelijaribu mwaka 1954 katika magurudumu ya nyuma peke yake ya gari lao la 15-Six. DS ilikaa kimo kile kile ikiwa na mtu mmoja au watano, na ndani, karibu na dereva, mlikuwa na mkono wa kuliinua na kulishusha. Hata tairi lilipotoboka, mwenye gari aliliinua kwa mkono huo, akaliwekea nguzo upande mmoja, kisha akalishusha, na gurudumu likapanda lenyewe kutoka ardhini. Yule aliyetaka cha mvunguni hakuinama tena.

Lakini vitu hivyo vilikuwa vya thamani kubwa, na mabomba yake na pampu zake zilihitaji mafundi maalumu. Watu wengi waliendelea na chuma. Springi za mapande zilianza kuacha nafasi kwa springi za koili, yaani waya mnene wa chuma uliosokotwa kama mzunguko wa nyoka. General Motors waliziweka mbele katika baadhi ya magari yao ya mwaka 1934, na Buick waliziweka hata nyuma mwaka 1938. Koili ni nyepesi na haina msuguano wa pande kwa pande; lakini kwa sababu hiyo hiyo huhitaji shokabzoba nzuri kuliko springi za zamani. Wakati huo huo shokabzoba zenyewe ziligeuka umbo, zikawa kama pampu ya baiskeli: silinda yenye mafuta, na ndani yake pistoni inayokwenda juu na chini.

Silinda nyembamba na koili yenye uwazi katikati yalikuwa kama mchi na kinu; ilikuwa lazima siku moja vikutane. Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani, alivikutanisha katika mguu mmoja wa mbele, na Waingereza waliuona katika Ford Consul na Ford Zephyr zilizotangazwa mwaka 1950. Colin Chapman wa Lotus aliutumia mtindo wa ukoo huo nyuma, kama katika Lotus Elite iliyoonyeshwa London mwaka 1957. Kwa magari ya mashindano, koili iliyovikwa juu ya shokabzoba ikawa desturi. Silinda ilichongwa hesi kwa nje, na juu ya hesi hiyo iliwekwa pete iliyoishika springi kutoka chini. Ukiizungusha pete kwa spana yenye ncha iliyopinda kama ndoana, springi hupanda au kushuka, na gari hupanda au kushuka pamoja nayo.

Wengi hukosea hapa, nasi tusikosee. Kuizungusha pete hakuifanyi springi ya kawaida kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa uzito wa gari ni ule ule, na springi itabonyea kiasi kile kile. Kinachobadilika ni kimo. Ugumu wa kutuliza mchezo hurekebishwa mahali pengine, yaani katika vali ya shokabzoba. Hivyo basi katika mguu mmoja kuna marekebisho mawili, na kila moja lina mlango wake.

Milango hiyo ilikuwa migumu kufunguka. Shokabzoba za Koni za Uholanzi zilisifiwa duniani kwa uimara, nazo zilikuwa za kurekebishwa. Lakini katika aina yake ya zamani fundi alipaswa kuifungua shokabzoba yote kutoka garini, kuisukuma pistoni mpaka mwisho ishikamane na kifaa kilicho chini, kisha kuizungusha taratibu. Ikiwa hakupendezwa na matokeo, alianza tena kazi yote. Ilikuwa kazi ya saa nyingi kwa ajili ya nusu ya mzunguko mmoja.

Hasara ya jambo hilo haikuonekana wazi mahali po pote kama katika barabara zetu. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari. Hayakuwa mashindano ya uwanja laini. Palikuwa na vumbi, mawe, matope ya masika na makorongo, na shokabzoba ilifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Mafuta yake yalipata moto. Yalipochanganyika na hewa yalitoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Katika miaka ya 1950 Christian Bourcier de Carbon wa Ufaransa aliujenga mtindo wa shokabzoba yenye gesi ya kuyabana mafuta yasitoe povu, na faida yake inafahamika upesi kwa mtu aliyewahi kuendesha gari bovu katika barabara ya makorongo.

Ford Zephyr ilishinda Safari mwaka 1955, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544, gari lenye koili nyuma. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Katika mashindano ya namna hiyo saa ndiyo hakimu. Dakika ambazo fundi huzitumia akiitafuta bolti ya nyuma iliyozikwa katika tope huhesabiwa juu ya dereva wake, na gari zuri lenye bolti isiyofikika laweza kushindwa na gari la kadiri lenye bolti iliyo wazi. Mashindano hayo yalitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021 yakiwa na makao Naivasha. Magari yamebadilika sana, lakini hukumu ya saa ni ile ile.

Huko Ulaya, magari ya mashindano ya uwanja yalipata njia nyingine. Mwaka 1961 Lotus walizihamisha springi za mbele za gari lao la 21 kutoka katika upepo wakaziweka ndani ya mwili wa gari, zikiendeshwa na mkono wa wenzo. Nia yao ilikuwa kupunguza ukinzani wa hewa. Lakini kitu kilichohamishwa kutoka gurudumuni kinaweza kuwekwa po pote mtengenezaji apendapo, na siku zilipopita wenzo na fito za kusukuma zilitumiwa hata nyuma. Leo katika magari mengi ya mbio za kwanza za dunia, shokabzoba za nyuma zimekaa karibu na sanduku la gia, chini ya kifuniko. Kikiondolewa, fundi aliyesimama wima huzifikia. Mvungu umegeuzwa kuwa meza.

Na gari la kawaida je? Wengine walitafuta njia ya kutorekebisha kabisa. Peugeot 504 ya abiria na mizigo, iliyobeba watu wengi sana katika barabara za Afrika, iliwekewa koili mbili kila upande wa nyuma, ikavumilia. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa na mguu wa katikati, nyuma, uliojipandisha wenyewe kwa mwendo wa ekseli mpaka gari lisawazike. Nchini Marekani ziliuzwa shokabzoba za kujazwa upepo, ambazo vali yake iliweza kuletwa kwa bomba jembamba mpaka ndani ya buti au karibu na kibao cha namba. Mwenye gari alizijaza kama ajazavyo tairi.

Baadhi ya magari ya siku hizi yenye koili iliyovikwa juu ya shokabzoba yana kirungu kidogo cha kurekebishia juu ya ncha ya pistoni. Mbele, ukifungua boneti, mara nyingi unakiona mara moja. Nyuma, ncha hiyo huishia chini ya zulia la buti, au nyuma ya ubao wa pembeni, au nyuma ya kiti. Mwenye gari anayetaka kuligeuza kwa safari ya mizigo hulazimika kung'oa vifungo na zulia, kazi ya nusu saa kwa ajili ya mgeuzo wa sekunde 5. Kwa hiyo huacha. Amenunua kitu cha kurekebishwa, lakini hakirekebishi.

Dawa zilizobuniwa ni chache, na kila moja ina adabu yake. Ya kwanza ni kutoboa tundu katika zulia au ubao, juu ya kirungu hasa, na kulifunika kwa kifuniko kinachofunguka. Hapa hukatwa kitambaa na ubao tu. Chuma cha mwili wa gari hakiguswi, kwa sababu ndicho kinachobeba uzito wote wa nyuma. Kabla ya kukata ni lazima kuangalia kilicho chini, kwani waya za umeme na mabomba ya petroli hupita pande hizo. Ya pili ni kurefusha kirungu kwa ufito, au kwa waya mnene unaopindika kama ule wa spidomita, ambao ncha yake huletwa mahali wazi. Ya tatu ni kutumia shokabzoba yenye kopo la pembeni la mafuta na gesi, lililounganishwa kwa bomba. Kopo lenye kirungu hufungwa mahali mkono unapofika. Ya nne ni mota ndogo ya umeme iliyoketi juu ya ncha ya pistoni, ikaamriwa na dereva kutoka kitini pake. Mota hiyo ni mjukuu wa swichi ya mwaka 1955.

Pete ya hesi iliyo chini ina maradhi yake mwenyewe. Tope na maji huiozesha, ikagandamana na silinda hata spana ikateleza. Dawa yake ni kusafisha hesi kwa brashi kabla ya kuigeuza, kuipaka kilainisho, na kuliinua gari kwanza ili springi isiwe na uzito. Gari lililoinuliwa liwekwe juu ya nguzo imara, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au vigingi, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Springi iliyobanwa isifunguliwe bila kifaa chake cha kuishikia. Ndani yake mna nguvu ya kumuua mtu. Tena kila kirungu kihesabiwe mibofyo yake kuanzia mwisho mgumu, na upande wa kushoto uwe sawa na wa kulia. Kimo kikibadilishwa, taa na mpango wa magurudumu vipimwe tena.

Lakini urahisi nao una hatari yake. Zamani aliyeigeuza springi alikuwa fundi aliyejifunza, kwa kuwa asiyejifunza hakuweza kuifikia. Mlango ukifunguliwa, wote huingia. Wako vijana wanaoishusha nyuma ya gari kwa ajili ya sura tu, mpaka springi ikakosa nafasi ya kubonyea na tairi likasuguana na mwili wa gari. Wako wanaogeuza kirungu mpaka mwisho wakidhani ugumu ni ushujaa, na gurudumu likaruka badala ya kushika barabara. Kuufikisha mkono ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufundisha mkono uliofika. Hata hivyo haifai kuuzika tena mvunguni ujuzi uliokwisha kutolewa, kwa sababu madhara ya kitu kisichotunzwa ni ya kila siku, na huwapata wasio na kosa.

Ukitaka kuona mwisho wa historia hii, msomaji, huna haja ya kwenda London wala Paris. Tazama pikipiki ya bodaboda iliyosimama kando ya barabara. Nyuma yake mna shokabzoba mbili zilizovikwa koili, na chini ya koili, katika pikipiki nyingi, mna pete yenye vidato kama ngazi. Mwenye pikipiki akitaka kubeba gunia huizungusha pete kidato kimoja au viwili kwa spana ya ndoana, na jioni huirudisha. Hakung'oa zulia wala hakulala chini. Jambo lile lile lililohitaji pampu, mabomba na umeme katika magari ya matajiri limekaa wazi mbele ya macho yake, kwa kuwa pikipiki haina mwili wa kuficha vitu vyake.

Basi somo la historia hii ni fupi. Chombo hakijakamilika siku kinapoweza kwenda. Hukamilika siku mtu wa kawaida anapoweza kukitunza. Wengi kati yenu mtakuwa wahandisi, mafundi, na wenye viwanda katika nchi hii. Mtakapochora kitu cho chote, kiwe gari, pampu ya kisima au mashine ya kusagia, mfikirieni mtu ambaye baada ya miaka 10 atakuwa na spana mkononi akikitafuta kile mlichokiweka ndani. Wahenga walisema kweli kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyekiweka mvunguni angeweza pia kukiweka mezani.